"Usiandike Hii" Haitakuokoa Kortini

Wasee, kuna sentensi tunaipenda sana hapa Skuta mwandishi akipiga simu: "Nakuambia tu, lakini usiandike hii." Halafu mtu anamwaga yote: nani alikula pesa ya barabara, nani alijenga na mshahara gani. Anadhani hiyo sentensi ni mwavuli. Si mwavuli.

Kumchafulia mtu jina hakungoji gazeti lichapishwe. Kunaanza pale neno linapofikia sikio la mtu wa tatu, na mwandishi ni mtu wa tatu. Ile ahadi yenu inaweza kuficha jina lako. Haifuti ulichosema.

Turudi nyuma kidogo. Februari 1990, waziri Robert Ouko aliuawa. Daktari Mwingereza Iain West alihusika na uchunguzi wa mwili, na baadaye mwanahabari Chester Stern akaandika kitabu kuhusu kazi za huyo daktari. Nicholas Biwott, mzito wa enzi ya Moi, akasema kitabu kinamhusisha na mauaji. Desemba 2000, Mahakama Kuu ikamtunuku shilingi milioni 30. Na cheki walioshtakiwa: mwandishi, daktari, hadi waliouza kitabu Nairobi. Kesi haikuishia kwa aliyeshika kalamu.

Wengine wataniambia, "Si hiyo sheria ilitupwa?" Iliyotupwa ni ya jela. Februari 2017, kwenye kesi ya Jacqueline Okuta, Jaji Mativo alisema kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinavunja Katiba. Kesi ya fidia bado iko. Mtu ana miezi 12 ya kukushtaki, na ikiwa umechapisha kwamba ameua, fidia haishuki chini ya milioni 1.

Kinachoniuma ni hiki: wakubwa wana mawakili, sisi tuna midomo tu. Sheria hii inaweza kumnyamazisha karani aliyeona wizi kwa macho yake. Lakini kunyamaza si dawa. Ukweli unaoweza kuthibitishwa ni kinga kortini, uvumi si kinga. Kwa hivyo mwandishi akikupigia, sema ulichoona, mwonyeshe risiti, na yale ya "nasikia" yaache stejini.

Kama huwezi kulisema likiwa na jina lako, jiulize kwanza kama unalijua kweli.