Feni ya yule kijana, na habari za Wozniak

Najua nimekuwa kimya sana, ila si mnajua mwezi wa majaribio unavyotukamua. Leo nipo, na nina stori ndefu kidogo ya historia, kwa hiyo kama una kikombe cha chai sogea nacho karibu.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nikiwa TP kwenye shule moja ya mkoani nilikuta chumba cha kompyuta. Mashine kumi na mbili, zimefunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni, na mlango una kufuli mbili. Mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, lakini kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo kuliko walimu wote, nikakabidhiwa ufunguo. Siku moja jioni nikamkuta kijana wa kidato cha pili amekaa chini nyuma ya kile chumba, pale zilipotupwa mashine mbovu. Alikuwa ameshafungua moja kwa kisu cha mezani, ametoa feni, amepanga betri sita za redio ndani ya mrija wa karatasi na kuziunga na waya. Na ile feni ilikuwa inazunguka!

Sasa mimi nikafanya nini? Nikamkaripia. Nikamwambia hiyo ni mali ya shule, nikamnyang'anya kisu, nikampa adhabu ya kufyeka. Akasema "samahani mwalimu", akaenda kufyeka. Mimi nikabaki narudisha feni kwenye kasha, na mwisho skrubu moja ikabaki mkononi, sijui inaingia wapi. Yeye angejua.

Nilikuwa nimeshaisahau hiyo siku. Ila wiki mbili zilizopita mwenzangu wa chumba, ambaye anasoma uhandisi, alinipa nisome habari za Steve Wozniak. Nikaanza usiku wa saa nne, nikaja kushtuka muadhini anaadhini. Na kila nilipofunua ukurasa nilikuwa namuona yule kijana na feni yake.

Wozniak ni yule mwenzake Steve Jobs, wale walioanzisha Apple. Wengi tunamjua Jobs kwa sababu ndiye aliyekuwa anapanda jukwaani. Ila kompyuta zenyewe za mwanzo, Apple I na Apple II, zilichorwa na Wozniak. Na hakuanza kama bosi wa kampuni. Alianza kama mtu wa kuchokonoa vitu nyumbani.

Alizaliwa mwaka 1950 huko California. Baba yake alikuwa mhandisi kwenye kampuni ya Lockheed, na alikuwa na tabia moja ambayo sisi wa elimu tuiandike vizuri: mtoto akiuliza transista ni nini, baba anakaa naye na kumueleza toka mwanzo. Hasemi "utajua ukikua".

Alipofika sekondari alitaka kompyuta yake mwenyewe. Wakati huo kompyuta iliuzwa kwa bei ya kununulia nyumba. Basi akawa anatafuta vitabu vya maelezo vya kompyuta za makampuni, anachukua karatasi na kalamu, anazichora upya. Akimaliza anachora tena, safari hii kwa kutumia chipu chache kuliko mwanzo. Kisha tena, chache zaidi. Hakuwa na hela ya kununua hata moja ya hizo mashine. Yaani wadau, mtu aliyekuja kutengeneza moja ya kompyuta za nyumbani zilizouzwa sana duniani alijifunzia kwenye karatasi. Nilipofika hapo nikafunga kitabu kwanza, maana mimi ndiye niliyekuwa nasema "hapa shuleni hatuna vifaa" kila siku ya Mungu.

Mwaka 1971 yeye na jirani yake Bill Fernandez wakaunda kakompyuta kadogo kwa vipuri vya kupewa, wakakaita Cream Soda kwa sababu ya soda walizokuwa wanakunywa wakiunganisha. Fernandez ndiye aliyemkutanisha na Jobs.

Sasa tufike kwenye gemu, maana najua ndiko mlikokuwa mnasubiri.

Mwaka 1975 Wozniak alikuwa ameajiriwa Hewlett-Packard, mchana anachora saketi za kikokotoo. Jobs alikuwa Atari, kampuni ya gemu za kutumbukiza sarafu. Jobs akapewa kazi ya kutengeneza gemu inayoitwa Breakout: kuna ukuta wa matofali juu, kibao chini, na mpira unaoudunda ukuta mpaka uishe. Gemu za wakati ule hazikuwa programu. Zilikuwa saketi tupu, chipu kwa chipu, na kila chipu iliyopunguzwa ilikuwa hela iliyookolewa. Jobs akamuomba Wozniak. Jamaa akaimaliza kwa usiku nne karibu bila kulala, mchana anakwenda kazini kwake kama kawaida. Akaishusha mpaka chipu arobaini na kitu. Mchoro ulikuwa umebanwa sana mpaka Atari hawakuutumia kiwandani, na gemu iliyotoka mwaka 1976 ilijengwa kwa mchoro mwingine.

Kwa maelezo ya Wozniak mwenyewe, Jobs alimwambia malipo ni dola 700, akampa nusu, dola 350. Miaka baadaye akaja kujua kulikuwa na bonasi ya maelfu ya dola ambayo hakuambiwa. Mwenzangu wa chumba anasema hapo ndipo urafiki ungeishia. Mimi nasema subiri kwanza.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Machi 1975, watu kama thelathini walikutana kwenye garaji moja mjini Menlo Park. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana kwa klabu ya Homebrew. Kilichowakutanisha ni Altair 8800, kompyuta ya kujiungia mwenyewe iliyotangazwa na gazeti la Popular Electronics mwezi wa Januari. Unanunua kifurushi kwa dola karibu 400, unachomelea risasi mwenyewe, ukimaliza unapata kasha lenye swichi na taa. Haina kibodi wala kioo, na kumbukumbu yake ni baiti 256. Neno hilihili ninaloandika lingejaza sehemu yake.

Wozniak alitoka pale usiku ule akiwa na wazo. Chipu ya Intel iliyokuwa kwenye Altair ilikuwa ghali, lakini mwaka huohuo ikatoka chipu ya MOS 6502 kwa dola 25 tu. Akaitumia hiyo, akaunga kibodi, akaunga televisheni ya kawaida ya nyumbani. Akabonyeza herufi na herufi ikatokea kwenye kioo. Lugha ya BASIC ya mashine yake aliiandika kwa mkono, kwenye karatasi, akitafsiri amri moja moja kwenda kwenye namba za chipu. Na mchoro wa saketi? Alitoa nakala akagawa bure pale klabuni, kila mtu akajitengenezee ya kwake. Jobs ndiye aliyesema hapana, tuuze. Wozniak akauza kikokotoo chake, Jobs akauza gari lake, na mwaka 1976 Apple I ikaingia sokoni kwa dola 666.66. Zilitengenezwa kama 200.

Ila kinachonigusa mimi ni Apple II ya mwaka 1977. Wozniak amewahi kueleza kwamba mambo mengi ya mashine ile aliyaweka kwa sababu alitaka kuicheza Breakout yake kwa BASIC, bila kuchomelea chipu. Rangi aliweka ili matofali yawe na rangi. Spika aliweka ili mpira ulie ukigonga. Vile vidude vya kuzungusha kwa mkono vilikuwa vya kuendeshea kibao. Kompyuta iliyokuja kutumika kwenye mashule na maofisi ya Marekani ilipata sauti na rangi kwa sababu mtu alitaka kucheza! Ndani ilikuwa na soketi nane za kuchomeka bodi zako mwenyewe, na mfuniko wake ulikuwa unanyanyuka kwa mkono tu. Kisu cha mezani hakihitajiki.

Juzi mwenzangu aliweka kwenye laptop yake programu inayoiga Apple II, tukacheza gemu hiyo. Ukisimamisha na kuandika LIST, gemu yote inajimwaga kwenye kioo, mstari kwa mstari. Unabadilisha namba moja, matofali yanageuka rangi. Mimi mtu wa Historia nilibadilisha namba, rangi ikageuka, nikapiga kelele mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta.

Sasa huku kwetu mambo yalikuwaje wakati huo? Hapa ndipo historia inauma.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka kumi kabla ya ile garaji. Hatukuchelewa kihivyo! Lakini kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye mashine ikaenda kombo na kuleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi Bara tukaja kuanza mwaka 1994. Yaani 1975, wakati Wozniak anaunga bodi yake kwenye televisheni ya nyumbani, kijana wa Dar es Salaam mwenye kichwa kama chake alikuwa hana njia halali ya kuagiza kimoja wala kingine.

Msinielewe vibaya, simtukani mtu. Mwaka 1974 bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya na fedha za kigeni hazikuwepo. Mwaka huohuo Azimio la Musoma likaamua watoto wote waingie shule ya msingi. Ukiambiwa uchague mashine ya wizarani au madarasa ya vijijini, wewe ungechagua nini? Mimi ningechagua madarasa. Masharti yalikuja kulegezwa taratibu miaka ya baadaye, na leo hakuna anayekuzuia kubeba kompyuta yako.

Lakini kuna kitu hakikulegezwa, nacho kimo vichwani mwetu. Tulibaki tunaiona kompyuta kama mali ya wizara: kitu cha kutunzwa, kufunikwa kitambaa na kufungiwa. Na wakati huohuo sisi wa elimu tunakariri Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, kila mtihani tunaiandika. Inasema nini? Shule imjengee mtoto akili ya udadisi, ajifunze kwa kutenda, asiwe wa kukaririshwa. Yule kijana wa kidato cha pili alikuwa anaitekeleza Elimu ya Kujitegemea palepale kwenye vumbi, na mimi niliyeipatia alama A nikampeleka kufyeka.

Nimeambiwa na mwenzangu, "Sasa kaka, kila mwanafunzi akifungua kompyuta si shule itabaki na vyuma?" Ni swali la haki. Sisemi tuwaachie zile nzima kumi na mbili. Nasema zile mbovu zilizotupwa nyuma, ambazo hata mimi nikizivunja vipande hakuna atakayeuliza, kwa nini zisiwe darasa? Mashine iliyokufa haiwezi kufa mara ya pili.

Na nimalizie na Wozniak, maana mwisho wake ndio ulioniweka macho mpaka adhana. Mwaka 1981 alipata ajali ya ndege yake ndogo, akaumia. Akiwa tajiri tayari, akarudi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kumalizia digrii aliyoiacha, akajiandikisha kwa jina la bandia, na digrii akaipata mwaka 1986. Baada ya hapo, miaka ya 1990, akafundisha watoto wa shule kompyuta huko Los Gatos. Ualimu, wadau! Ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni. Huku sisi mtu akikuuliza unasoma nini ukamjibu "elimu", anakuangalia kwa huruma.

Julai natakiwa kwenda tena TP na nimeomba shule ileile. Yule kijana sasa yupo kidato cha tatu, kama hajahama. Nimenunua bisibisi mbili pale Mwenge, ya nyota na ya bapa. Na ile skrubu iliyobaki bado ninayo, ipo kwenye kikopo cha kalamu hapa mezani. Nitamuuliza inaingia wapi.

Haya, tuko pamoja. Kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa.