Kabla Linux Haijaamka: Historia ya Kusasisha BIOS Bila Windows

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na laptopu nyingi tulizonazo hapa Kakuma hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu ni za zamani. Ndiyo maana wengi wetu tumehamia Linux. Linux haiulizi leseni, wala haijali sana umri wa mashine. Lakini katika darasa la jioni kijana mmoja aliniuliza: "Kaka, tukishaitoa Windows, nani atakuwa anasasisha BIOS?" Swali zuri. Jibu lake lina historia ya miaka zaidi ya arobaini, na inawahusu vijana wanaozitumia hizo mashine pamoja na nyinyi ndugu wa mashirika mnaozileta.

Kwanza tuelewane. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Linux haiamki yenyewe. Kuna programu ndogo inayokaa kwenye chipu ndani ya mashine. Hiyo ndiyo inayoamsha kibodi, skrini na diski, kisha inamkabidhi kazi Linux au Windows. Watu wanaiita BIOS, ingawa kwenye mashine za siku hizi jina lake halisi ni UEFI. Programu za namna hii kwa jumla zinaitwa famwea. Neno hilo alilileta Mmarekani Ascher Opler mwaka 1967, akitafuta jina la kitu kilicho katikati, si chuma kabisa na si programu ya kawaida. Na si BIOS peke yake. Diski ya SSD ina famwea yake, kamera nayo mara nyingi inayo yake.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwezi Agosti 1981, BIOS iliandikwa kiwandani kwenye chipu isiyofutika. Kuisasisha ilikuwa kung'oa chipu na kuweka nyingine. Wenye mashine za kwanza kabisa hawakuweza kufunga diski kuu ya ndani mpaka wabadilishe chipu na kuweka ile yenye BIOS ya Oktoba 1982. Ilikuwa kazi ya bisibisi na mkono usiotetemeka, lakini fundi hakuulizwa anatumia programu gani.

Miaka ya 1990 zikaja chipu za flashi, ambazo zinafutika na kuandikwa upya kwa programu tu. Nafuu kubwa, na hatari mpya. Mwaka 1998 mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika virusi vilivyoitwa CIH. Aprili 26, 1999 vililipuka. Mbali na kuharibu diski, pale vilipoweza viliandika takataka juu ya BIOS, na mashine hiyo ukiiwasha haileti chochote, skrini nyeusi tu. Hapo watu wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta inaweza kufa bila chuma chake chochote kuvunjika. Kumbukeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye stima.

Linux ilikuwa tayari ipo wakati huo. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliitangaza Agosti 1991. Ila kampuni zilizotengeneza laptopu hazikumhesabu mtu wa Linux kama mteja. Sasisho la BIOS lilitolewa kama programu ya DOS, baadaye ya Windows, basi. Kama huna Windows, utajua mwenyewe.

Na watu walijua wenyewe, bana! Wengine waliacha kipande kidogo cha Windows kwenye diski, wanakifungua mara moja kwa mwaka kwa ajili ya BIOS tu. Wengine walitumia FreeDOS, mfumo huru alioutangaza Jim Hall mwaka 1994 akiwa mwanafunzi Marekani, baada ya kuona Microsoft inakaribia kuiacha DOS. Unatengeneza disketi ya FreeDOS, unaweka faili la BIOS, unawasha mashine kwa disketi hiyo, unaomba Mungu. Laptopu zilipoacha kuja na sehemu ya disketi, watu wakahamia CD, kisha flashi ya USB. Wenye ThinkPad walikuwa na njia yao: Lenovo ilitoa sasisho kama picha ya CD, nao wakatumia programu ndogo iitwayo geteltorito kuichomoa picha hiyo na kuiweka kwenye flashi. Njia hiyo ya ThinkPad nimeipitia kwenye mashine ya zamani, inafanya kazi, ila si jambo la kumwachia kijana wa wiki ya kwanza.

Kulikuwa na kundi jingine lililosema: kwa nini tuombe ruhusa, tuandike BIOS yetu. Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos walianza LinuxBIOS mwaka 1999, na mwaka 2008 ikabadilishwa jina kuwa coreboot. Chromebook nyingi zinaamka kwa coreboot mpaka leo. Nawaheshimu sana hao. Lakini coreboot inaingia kwenye aina chache za mashine, na sisi huku hatuchagui aina. Tunapokea kilicholetwa.

Mlango wenyewe ulifunguka kwa upande ambao sikuutarajia. Intel ilikuwa imeanza kutengeneza mfumo wa kuirithi BIOS, na mwaka 2005 kampuni mbalimbali zikaungana kuutunza kwa jina la UEFI. Ndani yake mna utaratibu unaoitwa kapsuli: mfumo unaotumia, uwe Windows au Linux, hauigusi chipu. Unaliweka faili la sasisho mahali pake tu, kisha mashine inajizima na kuwaka, na famwea yenyewe ndiyo inayokagua sahihi ya mtengenezaji na kujiandika upya. Ni kama kumpelekea mwenye nyumba ufunguo mpya badala ya kuvunja kitasa chake.

Lakini utaratibu bila mtu wa kuusukuma ni karatasi. Mtu huyo alikuwa Richard Hughes, mhandisi wa Red Hat anayeishi Uingereza. Yeye alikuwa ametengeneza kifaa kidogo cha kupimia rangi za skrini, kinaitwa ColorHug, na akataka wateja wake wasasishe famwea yake wakiwa kwenye Linux bila kuhangaika. Kutoka kwenye shida hiyo ndogo ikatoka programu ya fwupd, na mwaka 2015 ghala la mtandaoni la LVFS, ambapo kampuni inaweka mafaili yake. Kumbe sehemu ngumu haikuwa kuandika programu. Ilikuwa kuzishawishi kampuni, moja baada ya nyingine. Dell ilitangulia. Lenovo ikaingia 2018. Mwaka 2019 ghala likawa chini ya Linux Foundation. Jambo la kuchekesha: mafaili yanayowekwa humo yamefungashwa kwa muundo wa CAB, uliotoka Microsoft.

Kwa hiyo jibu la yule kijana ni amri tatu kwenye terminali. fwupdmgr refresh inaleta orodha mpya. fwupdmgr get-updates inakuonyesha kama mashine yako ina sasisho. fwupdmgr update inafanya kazi yenyewe. Kama bando ni tatizo, na hapa bando ni tatizo, mtu mmoja anashusha faili la CAB kutoka tovuti ya LVFS, analibeba kwenye flashi, kisha kila mashine ya aina ile ile anaandika fwupdmgr install na jina la faili. Sahihi inakaguliwa vile vile. Aina nyingine, hasa za bei nafuu za madukani, hazimo kabisa kwenye ghala.

Mtu atauliza kama kuna haja. Mashine inawaka, tuiache. Mimi mwenyewe sishauri kusasisha kwa sababu tu namba mpya imetoka. Lakini Januari 2018 zilitangazwa Meltdown na Spectre, udhaifu ulio ndani ya prosesa zenyewe, na sehemu ya dawa ya Spectre ilibidi ije kupitia famwea. Tena kuna vyeti vya Secure Boot, ile kinga inayokagua kila kinachowashwa. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo Linux nyingi pia zinavitegemea, mwisho wake unaanza Juni 2026. Mashine haitazimika siku hiyo. Ila isiyo na vyeti vipya inaweza kufika siku ikaikataa Linux mpya kwa sababu haiitambui sahihi yake, na Windows ya kuja kuiokoa haipo. Matoleo mapya ya fwupd yanaweza kuvileta vyeti hivyo, mtengenezaji akiwa amefanya sehemu yake.

Sasa stima. Famwea ikiwa katikati ya kujiandika na umeme ukakatika, unaweza kubaki na ile skrini nyeusi ya CIH. Ndiyo maana laptopu nyingi zinakataa kuanza kama chaja haijachomekwa, na nyingine zinataka pia betri iwe na chaji ya kutosha. Ulaya hilo ni jambo la kuchomeka waya. Hapa mnajua vile sola inakuwa wingu likipita, na betri za laptopu tunazopokea nyingi zimeshakufa. Mashine inasema hapana, na ina haki. Wapo wanaotafuta namna ya kuidanganya ili iendelee bila betri. Kwenye mashine inayotumiwa na vijana ishirini kwa zamu, mmoja akiandika maombi ya skolashipu na mwingine akijifunza kazi, mimi hapo siguswi. Tunaazima betri nzima kutoka laptopu ya aina ile ile, tunangoja saa sita mchana jua likiwa kali, tunafanya moja kwa siku, na hakuna anayegusa swichi ya chumba.

Kwa nyinyi mnaoleta kompyuta, hili linaweza kufanyika kabla hazijapanda meli, huko kwenye umeme usiokatika. Chagueni aina ambazo zimo kwenye LVFS, orodha iko wazi mtandaoni. Sasisheni famwea huko huko. Na tafadhali mwombeni mwenye mashine wa kwanza aondoe nywila yake ya BIOS. Tunazo mbili zilizofika zimefungwa na ofisi iliyozitumia zamani. Linux ilikuwa imeshawekwa humo, inafanya kazi, lakini hatuwezi kuiwasha kwa flashi wala kuingia kwenye mipangilio. Vijana wanazitumia hivyo hivyo, na siku diski itakapokufa sijui tutaanzia wapi.