Kwa nini programu mpya haiwafikii watu wote siku moja

Ijumaa Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayokinga kompyuta dhidi ya wadukuzi, ilituma faili jipya kwa wateja wake duniani kote kwa mpigo mmoja. Faili lilikuwa na kasoro. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, safari za ndege zikafutwa, hospitali zikaahirisha matibabu.

Faili liliondolewa baada ya dakika 78 tu. Tatizo ni kwamba kompyuta zilizokwisha kuzimika hazikuweza kuwaka vizuri zikapokea marekebisho. Nyingi zilitengenezwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana mafundi wa mifumo inayoendeshwa kwenye kompyuta za mbali, zile tunazozifikia kwa intaneti, huanza na watumiaji wachache, tuseme mmoja kati ya mia. Makosa yakiongezeka, wanasimamisha. Wengine huacha toleo la zamani likiendelea kuwaka pembeni, ili hitilafu ikitokea wawarudishe watu huko kwa dakika chache. Ni gharama, maana kompyuta zinalipiwa mara mbili, lakini tunaona inafaa pale penye pesa za watu. Kizuizi kikubwa ni kumbukumbu: toleo jipya likibadilisha namna zinavyohifadhiwa, la zamani huenda lisiweze kuzisoma.

Basi ukiona programu kwenye simu ya jirani ina sura mpya na yako bado, pengine zamu yako haijafika. CrowdStrike nayo, baada ya tukio lile, ilitangaza kutuma mafaili ya aina hiyo kwa awamu.