Pro bono: msaragambo wa mawakili

Mawakili wa Dar es Salaam na Nairobi husema "kesi ya pro bono" kama wanavyosema "kesi ya madai", bila kuitafsiri. Mwenye kesi hajui neno hilo. Anachoambiwa ni kwamba atasaidiwa bure. Jirani yangu mmoja wa Tanga, mjane aliyekuwa akigombea kiwanja cha marehemu mumewe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, alipoambiwa hivyo aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyo wakili wa bure atasimama kweli, au atanisindikiza tu?"

Nilimwelewa. Katika Kiswahili, bure ni kisichotozwa fedha, na bure ni kisichofaa kitu. Mtu huhangaika bure, hupigwa bure, na akizidi uzembe huitwa mtu bure. Ukimwambia mjane kwamba wakili wake ni wa bure, masikio yake hupokea maana zote mbili kwa pamoja, na ile ya pili ndiyo inayomnyima usingizi.

Kilatini chenyewe hakikutaja fedha. Pro bono publico ni "kwa manufaa ya umma", basi. Habari ya kutolipwa ilikuja na mazoea ya kazi. Neno la tatu, lile la umma, likaangushwa njiani, tukabaki na "kwa manufaa" ambayo haisemi ni ya nani. Naona hasara kubwa hapo, maana ndani ya neno lililoangushwa ndimo ilimokuwa sababu ya wakili kuacha jalada linalolipa na kushika lisilolipa.

Tafsiri iliyozoeleka ni "msaada wa kisheria". Ni istilahi nzuri, na ina sheria zake: Tanzania Bara tangu 2017, Kenya tangu 2016. Lakini ni mwavuli mpana. Chini yake imo elimu ya sheria inayotolewa kijijini, umo ushauri, umo uwakilishi mahakamani. Wamo pia wasaidizi wa kisheria, ambao sheria ya Tanzania inawakataza kutoza ada na haiwaruhusu kufanya kazi ya uwakili. Na imo kazi inayolipwa na Serikali. Mshitakiwa wa mauaji akipangiwa wakili na Mahakama Kuu, wakili huyo hulipwa kutoka hazina, hata kama ni kidogo. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, nayo inampa mshitakiwa wakili kwa gharama ya Serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Huo wote ni msaada wa kisheria, na kwa mshitakiwa ni haki yake. Pro bono ni kitu kingine: mlipaji hayupo, wala Serikali haimlipi wakili.

Wengine hupenda "hisani". Neno hili lina asili tukufu, linatokana na ihsani, kutenda wema na kuutenda vizuri. Lakini redio na televisheni zimelichakaza. Kila kipindi sasa kinatujia "kwa hisani ya" kampuni fulani, na tunajua kampuni hiyo imenunua nafasi. Tena hisani humweka mpokeaji chini ya mtoaji. Mjane wa kiwanja hakwenda barazani kuomba. Alikwenda kudai chake.

Hapa ndipo panaponigusa zaidi, kwa sababu kampuni za uwakili nazo zimejifunza desturi za mabenki. Mwisho wa mwaka hupelekwa madawati shuleni, mashuka wodi ya wazazi, na picha hupigwa wakati wa kukabidhi mfano wa hundi. Shughuli hiyo huitwa kurudisha kwa jamii. Siidharau hata kidogo. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni sasa ana dawati. Ila dawati anaweza kulitoa mfanyabiashara wa mbao, na shuka anaweza kulitoa mwenye duka. Kusimama mbele ya jaji kwa niaba ya mtu mwingine kama taaluma, sheria imewapa mawakili peke yao, na asiyesajiliwa akijifanya wakili anashitakiwa. Aliyepewa mlango peke yake anadaiwa kuwafungulia wengine.

Upareni na Usambaani kuna neno msaragambo. Siku ya msaragambo watu hutoka na majembe wakachimbe mfereji au watengeneze barabara, kila mmoja kwa nguvu zake. Harambee, kama ilivyozoeleka Kenya, mara nyingi ni mchango wa fedha. Madawati ya kampuni ni harambee. Pro bono ni msaragambo: kila mtu na jembe lake, na jembe la wakili ni uwakili.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "uwakili wa kujitolea". Kitenzi chenyewe kimebeba fikra yote: toa, tolea, jitolea. Anayejitolea hatoi kilicho mfukoni, anatoa nafsi yake na muda wake kwa ajili ya mwingine. Tena kujitolea hutanguliwa na nia. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, ambacho kanuni yake ya 6.1 inamhimiza kila wakili alenge angalau saa 50 kwa mwaka, kimefafanua jambo hili wazi: ada ambayo wakili aliitaka akashindwa kuikusanya haihesabiwi kuwa pro bono. Hilo ni deni lililokufa. New York ilikwenda mbali zaidi, na tangu 2015 imewataka waombaji wa leseni ya uwakili wawe wamekwisha kufanya saa 50 za kazi hiyo.

Najua pingamizi. Kwetu Tanzania "anajitolea" siku hizi husemwa kwa kijana mwenye shahada anayefundisha bila mshahara akisubiri ajira. Neno limebeba uchungu wa watu hao, na uchungu huo ni wa haki. Lakini yeye hujitolea kwa kukosa, na wakili hujitolea akiwa nacho. Neno "uwakili" likitangulia, msikilizaji anajua ni yupi anayesemwa. Pale panapohitajika ukamilifu, kwa mfano kwenye kanuni au mkataba, tuongeze sehemu iliyobaki ya Kilatini: "uwakili wa kujitolea kwa manufaa ya umma". Ni refu, lakini hakuna kilichoangushwa njiani.

Na taarifa za mwaka za kampuni za uwakili zitenganishe hesabu. Madawati na mashuka yaandikwe kwenye michango, kwa shilingi. Uwakili wa kujitolea uandikwe mahali pake, kwa saa na kwa idadi ya watu waliosimamiwa.