Riwaya na Filamu kama Shahidi: Kisa cha Vijana wa Krasnodon

Fasihi ya vijana kuhusu upinzani wa wakati wa vita huhitaji shujaa, na aghalabu huhitaji pia msaliti. Mahitaji hayo ya kisanaa huwa na athari za kihistoria pale wahusika wanapochotwa kutoka kwa watu halisi. Kisa cha kundi la Molodaya Gvardiya, yaani Walinzi Vijana, ni mfano wa wazi.

Krasnodon, mji wa migodi ya makaa ya mawe mashariki mwa Ukraine, ulitekwa na Wajerumani Julai 1942. Majira ya vuli, vijana wa mji huo, baadhi yao wakiwa bado wanafunzi, waliunda kundi la siri. Walisambaza vipeperushi, wakatundika bendera nyekundu tarehe 7 Novemba, na mwezi Desemba wakateketeza ofisi iliyotunza orodha za watu wa kupelekwa Ujerumani kwa kazi za shuruti. Januari 1943 walianza kukamatwa. Wengi wao waliteswa, kisha wakatupwa katika shimo la mgodi namba 5.

Riwaya ya Alexander Fadeyev kuhusu kundi hilo ilitoka kama kitabu mwaka 1946, ikatunukiwa Tuzo ya Stalin. Hata hivyo, Desemba 1947 gazeti la Pravda liliilaumu kwa kutodhihirisha vya kutosha uongozi wa Chama. Filamu ya Sergei Gerasimov ilifuata mwaka 1948, na mwaka 1951 Fadeyev alitoa toleo jipya lililowapa wakomunisti watu wazima nafasi kubwa zaidi. Kwa namna hiyo, vijana waliojiamulia wenyewe waligeuzwa kuwa vijana walioongozwa.

Athari nzito zaidi ilimpata Viktor Tretyakevich, mmoja wa viongozi wa kundi, ambaye naye aliuawa. Shutuma kwamba alisaliti wenzake akiteswa zilikuwapo kabla ya riwaya. Lakini mhusika Stakhovich, anayeshindwa kustahimili mateso, alizieneza kwa mamilioni ya wasomaji. Wakazi wa Krasnodon hawakuhitaji kuambiwa ni nani aliyekusudiwa. Tretyakevich alisafishwa jina mwaka 1959, akatunukiwa nishani mwaka uliofuata, miaka mingi baada ya familia yake kubeba fedheha hiyo.

Fadeyev alijitetea kwamba aliandika riwaya, si historia. Utetezi huo una udhaifu: Oleg Koshevoy na Ulyana Gromova wamo kwa majina yao halisi, na kitabu kilifundishwa shuleni kama ukumbusho wa matukio ya kweli. Msomaji aliyeombwa kuamini ushujaa hakupewa sababu ya kutilia shaka usaliti.

Kwa hiyo, kazi za aina hii ni ushahidi wa kuaminika zaidi kuhusu miaka zilipoandikwa na kuandikwa upya kuliko kuhusu miaka ya vita. Mtafiti anayezitumia hana budi kulinganisha matoleo yake, na kuuliza ni nani aliyenyimwa nafasi ya kujitetea.