Nyigu Anayefanana na Sisimizi

Huyu mweusi mwenye kifua chekundu na madoa meupe mgongoni, anayekimbia juani peke yake, si sisimizi. Ni nyigu jike wa jamii ya Mutillidae, asiye na mabawa. Dume huruka, wala hadungi: mwiba ni mrija wa kutagia mayai uliogeuka silaha, hivyo wanao majike tu.

Hupenda ardhi kavu, kama hii ya tambarare za Himo, mkoani Kilimanjaro, chini ya ukanda wa migomba wa Marangu. Huingia mashimo ya nyuki na nyigu wengine, akataga yai juu ya buu aliyekomaa. Mtoto wake akianguliwa humla. Wengine wa jamii hii barani Afrika hutaga ndani ya pupa za mbung'o, na kwa kazi hiyo tunawaheshimu sana.

Mtafiti wa Marekani, Justin Schmidt, alipopima maumivu ya miiba kwa ngazi 4, nyigu mmoja wa jamii hii alipata 3. Akibanwa hutoa mlio mwembamba. Mwachie hapo hapo. Watoto wanaocheza peku mchangani wafundishwe mapema kutambua rangi zake. Aliyedungwa aoshe kwa maji na sabuni, aweke kitu cha baridi; akivimba uso au akishindwa kupumua, akimbizwe hospitali.