Webster: jina la mwanamke lililobebwa na wanaume

Mtajie msomi yeyote jina Webster, atakujibu hapo hapo: kamusi! Hajakosea. Noah Webster, Mmarekani aliyezaliwa Connecticut mwaka 1758, alichapisha kamusi yake kubwa mwaka 1828 ikiwa na maneno kama 70,000. Sisi wa chumba cha habari jina hilo tumelizoea, kila tukibishana tahajia ya Kiingereza mtu husema "hebu angalia kwenye Webster".

Lakini jamani, mmewahi kujiuliza jina lenyewe lina maana gani? Bwana huyu aliyemaliza maisha yake akieleza maana za maneno alibeba jina ambalo asili yake ni "mwanamke anayefuma vitambaa".

Ndiyo, mwanamke! Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, mfumaji mwanamume aliitwa webba. Mwanamke aliitwa webbestre. Mwisho ule ndio ulioonyesha kuwa mwenye kazi ni wa kike. Baxter ni ndugu yake, maana yake mwoka mikate wa kike. Brewster vilevile, mwanamke mpika pombe. Kwetu Waswahili mfumaji ni mfumaji tu, neno halikwambii kama ni baba au mama. Wao waliweka alama.

Sasa jina la kazi liligeukaje kuwa jina la ukoo? Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Akina John walipojaa kijijini ikabidi watofautishwe: John mhunzi, John mfumaji. Serikali nayo ilihitaji majina ya kuandika kwenye daftari zake. Mwaka 1377, 1379 na 1381 raia walitozwa kodi ya kichwa (naam, kodi ya kichwa, ile ile ambayo Waingereza walikuja kuwatoza babu zetu), na orodha za kodi hiyo zimejaa majina ya kazi. Kusini mfumaji aliandikwa Webb, Devon na Somerset akawa Webber, na kaskazini, Yorkshire kwa mfano, akawa Webster.

Kufikia wakati huo watu wa kaskazini walishaanza kumwita hata mwanamume webster. Kwa hiyo si kila Webster wa leo ana bibi aliyefuma. Jina lilibaki, alama ya mwanamke ikasahaulika.

Na si alama tu, hata kazi yenyewe iliwatoka. Zamani kufuma ilikuwa kazi ya wanawake nyumbani, kwenye mtambo uliosimama wima. Kuanzia karne ya 11 ukaenea Ulaya mtambo mpya wa kulala, unaoendeshwa kwa miguu. Ulifuma haraka zaidi, kitambaa kikawa biashara kubwa ya mjini, na palipo na fedha wanaume wakasogea. Wakaunda vyama vyao vya mafundi na kujiwekea sheria. Mwaka 1461 mji wa Bristol uliwakataza wafumaji kuwaweka wake zao, binti zao na watumishi wao wa kike kwenye mitambo. Sababu iliyotolewa? Eti wanaume wanaofaa kumtumikia mfalme vitani wanazurura bila kazi!

Wanawake wakabaki na kusokota nyuzi, kazi yenye malipo duni. Msokotaji aliitwa spinster. Kufikia karne ya 17 neno hilo likawa la kisheria, likimaanisha mwanamke asiyeolewa, baadaye likawa kejeli kabisa. Uingereza iliacha kuliandika kwenye daftari za ndoa mwaka 2005 tu.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Jina la kazi ya mwanamke lililoshikwa na wanaume likawa jina la heshima, likirithishwa kutoka baba kwenda kwa mwana hadi kwenye jalada la kamusi. Lile lililoachiwa wanawake likageuka tusi. Maneno yote mawili yametoka kwenye uzi ule ule, yana mwisho ule ule.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kazi fulani "tangu zamani ni ya wanaume", siku hizi namuuliza: tangu zamani ipi, ndugu yangu?